Fizi Zinazotoka Damu: Dawa Zake na Hukumu Zake kwa Mwenye Kusali na Kufunga

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake wote.



Kila Ramadhani inapokaribia, yako maswali ambayo hayakosi kuulizwa baada ya darsa hapa Jabe, na kwa ndugu zetu wa Buyenzi na Bwiza pia. Mmoja atauliza: "Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu, swaumu yangu ipo au haipo?" Wa pili: "Daktari kaniandikia dawa ya kusukutua, nimesoma boksi nikakuta ina pombe. Niitumie?" Wa tatu: "Nimepewa vidonge vya mara tatu kwa siku nami nimefunga. Nifanyeje?"

Maswali haya ni mazuri, lakini nyuma yake huwa kuna tabia mbili za hatari. Ya kwanza ni ya yule anayeacha kabisa kusafisha kinywa kwa kuogopa kuharibu ibada. Ya pili ni ya yule anayekwenda duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya Flagyl bila kuandikiwa, akameza siku mbili, damu ikapungua, akaacha mpaka mwezi ujao. Watu hawa wawili wanapita njia tofauti, ila mwisho wao ni mmoja: jino zima lisilo na tundu hata moja linalegea na kung'oka.

Somo letu la leo lina jambo moja la kushika. Ugonjwa wa fizi hutibiwa kwa kusafisha kwanza, na dawa huja kusaidia. Na sharia haikumfungia Muislamu mlango wa kusafisha wala mlango wa dawa. Tutaanza na ugonjwa, tuje kwenye dawa, kisha masuala ya fiqhi. Kuhusu tiba nitataja yanayojulikana na kukubalika kwa madaktari wa meno. Ama dawa ipi umeze wewe, hilo ni la daktari aliyekiangalia kinywa chako.

1. UGONJWA WENYEWE

Juu ya jino, pale linapokutana na ufizi, hujijenga utando laini unaoitwa ukoga. Utando huo ni makoloni ya bakteria. Usipoondolewa, ufizi unawaka: unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu ukiguswa. Hii ni hatua ya kwanza, na habari njema ni kwamba inarudi nyuma. Ukoga ukiondolewa, ufizi unapona.

Ukoga ukikaa, chumvi zilizomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, kitu kigumu kama chokaa ambacho mswaki hauwezi kukibandua. Ugaga ukiingia chini ya ufizi, ufizi unaachana na jino na kufanya mfuko. Ndani ya mfuko huo bakteria wasiopenda hewa wanastawi, na mfupa unaoshikilia jino unaanza kuliwa polepole. Hii ni hatua ya pili. Hapa kinachopatikana kwa tiba ni kusimamisha ugonjwa. Mfupa uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi wenyewe. Hatua hii mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana mtu hushtuka jino likiwa tayari linacheza.

Mwaka 1965, mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa wamepata uvimbe wa fizi. Waliporudi kusafisha, fizi zao zilipona katika muda wa kama wiki moja. Hawakumezeshwa kidonge hata kimoja.

Sasa pima mwenyewe. Ramadhani ina siku 29 au 30. Siku 10 hadi 21 ni ndani ya mwezi huo. Anayeacha kusafisha kinywa chake mwezi mzima, mchana na usiku, atafika Idi fizi zake zikiwa zimevimba.

Lakini tusitishane kupita kiasi. Mwaka 1988 Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima wa Machakos, Kenya, zaidi ya elfu moja. Ukoga na ugaga ulikuwa kwa karibu kila mtu, ila uharibifu mkubwa wa mfupa ulikusanyika kwa sehemu ndogo ya watu. Maana yake, kutoka damu kwenye fizi si hukumu kwamba meno yote yatang'oka, wala si kila anayetoka damu anahitaji antibiotiki. Kinachotenganisha ni uchunguzi wa daktari anayepima kina cha mfuko, si kubahatisha dukani. Wapo walio katika hatari zaidi, nao ni wavuta sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Mvuta sigara ana mtihani wa ziada: sigara hupunguza damu kwenye ufizi, kwa hiyo ugonjwa unaweza kusonga mbele na yeye haoni damu.

2. ALICHOKIJUA ZAHRAWI

Kabla ya kuzitaja dawa za leo, inafaa tumkumbuke mmoja wa wanazuoni wetu wa tiba. Abul Qasim az-Zahrawi, daktari wa Andalusia aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho at-Tasrif. Katika sehemu ya upasuaji alieleza magamba machafu yanayoganda juu ya meno na chini ya fizi, akasema uharibifu wa fizi unatokana nayo, na kwamba dawa yake ni kuyakwangua. Akachora vyombo vya kukwangulia, vya maumbo mbalimbali, kwa sababu sehemu ya nyuma ya jino haifikiwi na chombo kinachofikia mbele. Akaelekeza kwamba kikao kimoja kisipotosha, mgonjwa arudi cha pili na cha tatu mpaka meno yasafike.

Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na daktari wa meno bado anaanzia hapo hapo. Vyombo vimebadilika, vingine vinatumia umeme na maji, lakini kazi ni ile ile.

Sababu yake ni rahisi. Bakteria wa kwenye utando hawaogelei mmoja mmoja. Wamejifunika na kushikana. Dawa inayopita katika damu au inayosukutuliwa mdomoni haipenyi vizuri ndani ya utando huo, na ugaga haiuyeyushi kabisa. Anayemeza dawa bila kukwanguliwa ni kama anayepuliza dawa ya mbu chumbani na dimbwi analiacha mlangoni.

3. DAWA ZINAZOTUMIKA

(a) Klorheksidini. Hii ndiyo dawa ya kusukutua inayojulikana zaidi, kwa kawaida ya nguvu ya asilimia 0.12 au 0.2. Mtu husukutua mara mbili kwa siku, nusu dakika hadi dakika moja, kisha anatema. Inashika kwenye meno na utando wa kinywa na kuendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Ina masharti yake. Usiitumie mara tu baada ya dawa ya meno, kwani povu la dawa ya meno hudhoofisha kazi yake. Subiri kama nusu saa. Usiifanye ya kudumu, kwa sababu ikitumika wiki nyingi hutia meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Ni dawa ya muda, mfano baada ya kukwanguliwa, wakati ambapo kupiga mswaki kunauma.

(b) Metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl. Kufaa kwake kwa fizi kuligunduliwa bila kutarajiwa. Mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, David Shinn, aliandika katika jarida la Lancet kwamba mgonjwa aliyepewa dawa hii kwa ajili ya maradhi mengine kabisa, ya vimelea vya sehemu za siri, alipona pia fizi zake zilizokuwa na vidonda. Inaua bakteria wale wasiopenda hewa. Inafaa hasa katika ugonjwa mkali wa fizi wenye vidonda, maumivu na harufu kali, na katika baadhi ya hali za hatua ya pili. Inaacha ladha ya chuma mdomoni na inaweza kuleta kichefuchefu.

Katika nchi zinazotumia Kifaransa kuna pia vidonge vinavyochanganya metronidazoli na spiramaisini, kama Rodogyl. Kwa hiyo anayemeza Rodogyl na Flagyl kwa pamoja anameza dawa ile ile mara mbili bila kujua. Soma jina la dawa yenyewe, si jina la boksi tu.

(c) Amoksilini. Madaktari huichanganya na metronidazoli kwa wagonjwa ambao mfupa wao unaharibika kwa kasi, mara nyingi kwa siku 7, na huitoa sambamba na kukwangua, si badala yake. Mwenye mzio wa penisilini asiiguse. Amwambie daktari kabla hajaandikiwa.

(d) Doksisaiklini. Hii ina kazi mbili. Kwa dozi ya kawaida inapambana na bakteria. Kwa dozi ndogo ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, haikusudiwi kuua bakteria bali kuzuia kimeng'enya cha mwili wenyewe kinachovunja nyuzi zinazoshikilia jino. Haipewi mjamzito wala watoto wadogo. Inatakiwa kumezwa na maji mengi, na mtu abaki wima, asilale papo hapo, kwa sababu kidonge kikikwama kooni kinachoma. Maziwa hupunguza nguvu yake. Shika mambo haya mawili, tutayarudia kwenye daku.

(e) Dawa za ndani ya mfuko. Badala ya kumeza, daktari akishakwangua anaweza kuweka dawa ndani ya mfuko wa ufizi: jeli ya metronidazoli au ya doksisaiklini, au kipande chembamba chenye klorheksidini kinachoyeyuka taratibu. Faida yake ni kwamba dawa nyingi inafika mahali pa ugonjwa, na mwili mzima unapata kidogo.

Zote hizi, ndugu msomaji, hazina hata moja inayobandua ugaga. Anayemeza antibiotiki nusu dozi kila mwezi hapati kupona. Anachofanya ni kuwazoesha bakteria. Siku atakapopata maradhi makubwa, yeye au mama yake au mtoto wa jirani, dawa ile inaweza kugoma. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine, hadithi aliyoipokea Ibn Majah na wengineo. Kuzichezea antibiotiki kunaingia katika madhara yote mawili.

4. MASUALA YA FIQHI

Asili ni kwamba tiba imehimizwa. Katika hadithi ya Usama bin Sharik, aliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawaeleza kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Juu ya msingi huu tuyaangalie masuala sita.

Suala la kwanza: Je, damu ya fizi inatengua udhu?
Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, damu inayotoka mahali pasipo njia mbili haitengui udhu. Wanazuoni wa Hanafi wanaona inatengua ikiwa damu imeyashinda mate. Kwa kauli zote mbili, damu ni najisi: iteme, usukutue kwa maji, ndipo usali. Ikitoka ndani ya sala, iteme kwenye kitambaa, usiimeze.

Suala la pili: Je, inaharibu swaumu?
Kutoka kwa damu peke yake hakuharibu. Kinachoharibu ni kuimeza. Vitabu vya Shafi vimekaza hapa: mate yaliyochanganyika na damu ya fizi hayamezwi hata kama yamerudi kuwa meupe, mpaka kinywa kioshwe. Lakini fiqhi hiyo hiyo imemwona mgonjwa. Imam al-Adhrai, na kauli yake imenukuliwa na Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfat al-Muhtaj, ameona kwamba mtu aliyepatwa na balaa hili, damu inamtoka muda mwingi wa mchana, husamehewa kile ambacho ni mashaka kujikinga nacho. Anatema kinachotemeka, na athari inayobaki haimharibii swaumu.

Hivyo mwenye fizi zinazotoka damu asiishi na wasiwasi, lakini pia asiifanye rukhsa hii kuwa sababu ya kutokwenda kutibiwa. Rukhsa imewekwa kwa aliyeshindwa, si kwa aliyezembea.

Suala la tatu: Mswaki, dawa ya kusukutua na daktari mchana wa Ramadhani.
Kauli mashuhuri kwa Shafi ni kwamba mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu kwa aliyefunga, kwa kuzingatia fadhila ya harufu ya kinywa cha mfungaji. Angalia vizuri: makuruhu, si haramu, wala haiharibu swaumu. Na Imam Nawawi mwenyewe, nguzo ya madhehebu, katika al-Majmu amechagua kwamba hakuna ukaraha. Inamuunga mkono hadithi ya Amir bin Rabia, aliyoipokea Tirmidhi, kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) mara zisizo na idadi akipiga mswaki naye amefunga.

Kwa wakati wetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha kumi, Jedda, mwaka 1997, lilipitisha kwamba yafuatayo hayaharibu swaumu: kuchimba jino, kung'oa, kusafisha meno, mswaki wa mti na wa brashi, na dawa ya kusukutua, kwa sharti mtu asimeze kinachofika kooni. Sindano ya tiba isiyo ya lishe nayo haiharibu, kwa hiyo ganzi ya daktari wa meno haina tatizo. Anayeweza kusubiri usiku asubiri, ni salama zaidi. Asiyeweza, au aliyepewa miadi ya asubuhi, aende na swaumu yake, ateme vizuri.

Suala la nne: Dawa ya kusukutua yenye pombe.
Hapa pana mambo mawili. La kwanza, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Tariq bin Suwayd kuhusu kutengeneza ulevi kwa ajili ya dawa, alikataza na kueleza kwamba huo ni ugonjwa, si dawa; hadithi iko kwa Muslim. La pili, Baraza la Fiqhi katika kikao cha tatu, Amman, mwaka 1986, lilimruhusu mgonjwa Muislamu kutumia dawa yenye kiasi cha pombe ikiwa haikupatikana isiyo na pombe na imeandikwa na daktari mwaminifu aliye hodari katika kazi yake. Wapo pia wanazuoni wa zama hizi wanaotofautisha kati ya ulevi unaonywewa na spiriti ya viwandani, na ambao wamelegeza zaidi.

Lakini kwa fizi, khitilafu hii hatuihitaji sana. Klorheksidini isiyo na pombe ipo, na nguvu yake dhidi ya ukoga haitegemei pombe. Ukifika duka la dawa, tafuta kwenye boksi maneno ya Kifaransa "sans alcool", au mwombe muuzaji akutafutie. Dharura haisimami palipo na mbadala. Aidha, madaktari huonya dhidi ya pombe kwa anayemeza metronidazoli. Hiyo ni sababu ya pili ya kuchagua isiyo na pombe.

Suala la tano: Kapsuli za jelatini.
Amoksilini na doksisaiklini mara nyingi huja katika kapsuli, na ganda la kapsuli huwa la jelatini inayotokana na ng'ombe au nguruwe. Kongamano la wanazuoni na madaktari lililofanyika Kuwait mwaka 1995 lilisema jelatini iliyogeuka kikamilifu kutoka asili yake imekuwa tohara. Kwa msingi wa madhehebu ya Shafi, kugeuka kwa kitu hakusafishi najisi ila katika mambo machache, kama ulevi uliojigeuza wenyewe kuwa siki. Njia ya kutoka katika khitilafu ni nyepesi: muulize daktari au mfamasia kama dawa hiyo hiyo ipo katika kidonge kikavu. Mara nyingi ipo. Isipokuwepo na daktari akasema unaihitaji, chukua kauli ya wanaoruhusu, wala usikatishe tiba kwa wasiwasi.

Suala la sita: Vidonge mara tatu kwa siku na swaumu.
Bujumbura tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima mfungo wetu unazidi kidogo saa 13, na usiku unaobaki haufiki saa 11. Dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku inaingia bila shida: futari na daku. Ila kumbuka masharti ya doksisaiklini. Usiimeze na glasi ya maziwa wakati wa futari. Na ukiimeza daku usirudi kitandani mara moja. Kaa, soma Qur'ani, subiri Alfajiri.

Dawa ya mara tatu ni jambo jingine. Ukizibana dozi zote tatu usiku, kutwa nzima inabaki bila dawa. Ukiruka ya katikati, dozi imepungua. Usiamue mwenyewe. Mwambie daktari kwamba unafunga kabla hajaandika. Anaweza kubadilisha dawa au mpangilio wake. Akisema hakuna njia, basi Suratul Baqara, aya ya 185, imekwisha kulijibu: mgonjwa afungue na alipe siku nyingine, kwani Allah anawatakia waja wake wepesi. Kulipa siku 7 baada ya Idi si aibu. Kukubali rukhsa ya Allah ni sehemu ya utiifu.

5. MSWAKI: SUNNA NA MIPAKA YAKE

Katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba lau si kuhofia kuutia mashakani umma wake, angeamrisha mswaki katika kila sala. Hesabu mara ngapi kwa siku! Na kazi ya mswaki ndiyo ile ile iliyowaponya wanafunzi wa Aarhus: kuondoa ukoga kabla haujaganda.

Mti ulio bora ni araki, lakini wanazuoni wa Shafi wameeleza kwamba sunna hupatikana kwa kila kitu kikwaruzi kinachoondoa uchafu wa meno. Kwa hiyo mwenye brashi asijione yuko nje ya sunna akinuia. Na mwenye mti ajifunze kwa Bibi Aisha (R.A.): katika maradhi ya mwisho ya Mtume (S.A.W.), aliuchukua mswaki wa nduguye Abdurrahman, akaulainisha kwa kuutafuna, ndipo akampa, hadithi iko kwa Bukhari. Mswaki mkavu wenye ncha kali hujeruhi ufizi. Kata ncha iliyochakaa, tafuna nyuzi zilainike, kisha pitisha taratibu kwenye mpaka wa ufizi na jino, mbele na nyuma, hata meno ya mwisho. Wengi wetu tunasugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana tukicheka.

Tuseme pia mpaka wake. Mswaki wa mti na wa brashi vyote havibandui ugaga uliokwisha kuganda chini ya ufizi. Kumpeleka mtu kwa daktari hakupunguzi heshima ya sunna. Mswaki ni kinga, na aliyekwisha kuugua anahitaji tiba.

6. UFANYE NINI?

Kwanza, ukiona damu usiache kusafisha. Safisha kwa upole zaidi na kwa ukamilifu, asubuhi na usiku. Ramadhani, baada ya daku na kabla ya kulala.

Pili, damu ikiendelea baada ya wiki mbili za usafi mzuri, au kuna usaha, harufu isiyoondoka, au jino linacheza, nenda kwa daktari wa meno. Omba apime mifuko na akwangue ugaga. Ukiweza, fanya hivyo Rajabu au Shaabani, usingoje mwezi wenyewe.

Tatu, ukiandikiwa dawa, mwambie mambo manne: unafunga, una mzio gani, unatumia dawa nyingine zipi, na kwa dada zetu, kama una ujauzito. Kisha maliza dozi yote.

Nne, usimpe rafiki vidonge vyako vilivyobaki. Hiyo si sadaka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAKA

1. Eleza kwa nini antibiotiki haitoshi kwa mtu mwenye ugaga chini ya ufizi.
2. Linganisha kauli mashuhuri ya Shafi na chaguo la Imam Nawawi kuhusu mswaki baada ya jua kupinduka. Tofauti hii ina athari gani kwa mgonjwa wa fizi?
3. Mwenzako ana dawa ya kusukutua yenye pombe na duka la pili lina isiyo na pombe. Je, dharura imesimama? Toa sababu.
4. Kauli ya al-Adhrai inamhusu nani, na haimhusu nani?

Ndugu msomaji, kinywa hiki ndicho tunachosomea Qur'ani na kumsalia Mtume (S.A.W.). Ni amana. Tunamwomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, azipokee swaumu zetu, na atuepushe na kuifanya dini yake kuwa nzito pale alipoifanya nyepesi.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.